Aliyeshika Mashine

Mkono ndio uliomponza. Kichwa cha Mikroni hakikushauriwa, wala moyo haukuulizwa. Mkono wenyewe ulitoka mfukoni mwa ovaroli, ukavuka mstari wa njano uliochorwa sakafuni, ukausogeza wenzo wa mwendo, tak, kisha ukarudi mfukoni kana kwamba haukwenda popote. Kazi ya sekunde mbili. Na katika sekunde hizo mbili, binti wa watu alikuwa ameshafeli mtihani.

Mikroni ni fundi mkuu wa karakana ya kitivo cha uhandisi, mwaka wa ishirini na sita sasa. Jina hilo, la kipimo kidogo kuliko unywele, alipewa na wanafunzi kwa ukorofi wake wa vipimo. Mpelekee kipande cha chuma kilichozidi kwa unene wa unywele, atakurudishia bila neno, aende zake kunywa chai. Siku hiyo ilikuwa ya mtihani wa vitendo wa mwaka wa nne. Mtahini alitoka chuo kingine, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, na kila mwanafunzi alimwita kwa namba, maana ndiyo sheria, mtahini asijue huyu ni nani na yule ni mtoto wa nani. Mmoja mmoja walikuja kwenye mashine ya kukereza, wakabana chuma, wakakikata kikawa shafti, fimbo ya mviringo, wakaenda zao. Ikafika zamu ya Katibu.

Katibu alikuwa binti pekee katika kundi la watu watano, na katika karakana nzima hakukuwa na mwanafunzi aliyependwa kama yeye. Ripoti zake walimu walikuwa wakizionyesha kwa madarasa ya chini. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka, unausoma huku umesimama mlangoni. Masomo ya darasani aliongoza miaka yote. Picha yake ilitundikwa kwenye korido ya kitivo, amevaa kofia ngumu na miwani ya kukinga macho, mkono mmoja juu ya mashine hii hii, na chini yake maneno makubwa: Binti zetu, wahandisi wetu. Mikroni alikuwa akipita pale kila asubuhi anasikia kifua kimejaa, utadhani kamzaa yeye.

Basi Katibu akabana chuma. Akakaza. Kisha akasimama. Mikono yake ikawa inazunguka juu ya zile nyenzo, huku na huku, kama mtu anayetafuta chumvi kwenye jiko la wenyewe. Dakika ikapita. Ya pili ikapita. Mikroni akasema moyoni, hofu tu hiyo, kichwa kimemruka, mtoto huyu anaijua mashine kuliko wote. Ndipo mkono ukatoka mfukoni.

"Simama hapo," mtahini akasema. Hakupaza sauti. Akavua miwani, ikaning'inia kifuani. "Fundi, sheria inasemaje?"

"Fundi asiguse mashine isipokuwa kwa usalama," Mikroni akajibu. Sheria yenyewe aliibandika ukutani kwa gundi yake mwenyewe.

"Kulikuwa na hatari?"

"Hapana. Nilimsaidia tu."

"Ndivyo nitakavyoandika," mtahini akasema. "Amesaidiwa. Namba inayofuata."

Katibu akavua miwani ya karakana, akaifuta kwa pindo la ovaroli, akaiweka mahali pake kwa adabu zote. Hakulia. Alimwangalia Mikroni mara moja, na lile jicho halikuwa la hasira wala la shukrani. Mikroni hakulielewa, na kutolielewa huko kulimfuata hadi chooni alikokwenda kunawa uso.

Sasa niambie wewe, tangu lini kumsaidia mtoto kukawa kosa? Hilo ndilo alilokuwa akijiuliza njia nzima hadi ofisi ya Mama Mratibu, na mimi simlaumu.

Mama Mratibu ndiye aliyesimamia dawati la wanafunzi wa kike na wale wanaotoka jamii ndogo ndogo, wale ambao darasa zima yupo mmoja. Alikuwa mama mchapakazi, mwenye mafaili mengi na viatu vya kubadilisha chini ya meza. Juu ya kabati lake kulikuwa na cheti kilichokwisha kutiwa fremu: Mlezi Bora wa Wanafunzi wa Kike. Cheti cha Mikroni hicho, sherehe ilikuwa imepangwa mwisho wa mwezi. Mikroni akakaa akikipa mgongo.

"Usitie mashaka, fundi," Mama Mratibu akasema. "Kuna mtihani wa marudio. Sharti ni moja. Mwanafunzi awe na saa thelathini za kushika mashine, zimeandikwa kwenye daftari la karakana, zina saini yako. Bila hizo anarudia mwaka, na ufadhili wake ni wa miaka minne, si mitano. Kile kiwanda cha pampu kilichomwekea nafasi nacho hakimsubiri mtu. Kwa hiyo lete daftari, mambo yaishe."

Mikroni karibu acheke. Saa thelathini? Mtoto ambaye kwa miaka mitatu hajakosa siku hata moja ya karakana, hata siku ile ya mvua iliyong'oa bati la stoo? Akaondoka na moyo mwepesi. Laiti angejua.

Madaftari yalikuwa matatu, makubwa, magamba yake yana alama za vidole vya mafuta. Kila ukurasa una safu zake: tarehe, kundi, kazi, vipimo, aliyeshika mashine, muda, saini ya fundi. Akaketi kwenye kigoda, akavaa miwani ya kusomea, akafungua la mwaka wa pili. Mwandiko wa Katibu ukamlaki, mzuri, umejipanga. Akashuka na kidole kwenye safu ya aliyeshika mashine. Nyapara, saa mbili. Huyo Nyapara ni kiongozi wa kundi, kijana mrefu, mcheshi, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuamrisha. Chini yake, Mrefu Mwingine, saa moja. Nyapara tena. Goti. Nyapara. Kifimbo. Goti. Maana kwenye daftari lile watu waliandikwa kwa majina ya karakana, Mikroni mwenyewe ndiye aliyelegeza hilo, alisema yanachangamsha kazi.

Akafungua ukurasa mwingine. Akafungua kumi. Akafunga la kwanza, akafungua la pili, akaanza kupitisha kidole harakaharaka, kisha polepole, kisha harakaharaka tena. Katibu yuko wapi? Katibu yuko chini, mwisho wa kila ukurasa, mahali pamoja: Imeandikwa na katibu wa kundi. Kwenye safu ya aliyeshika mashine hayupo. Hayupo mwaka wa pili, hayupo wa tatu, hayupo wa nne. Vipimo vyote vya chuma vilivyokatwa na kundi lile vilipita mkononi mwake, na hakuna hata kimoja alichokikata.

Mikroni akarudia tangu mwanzo, labda macho. Umri nao haumwachi mtu. Macho yalikuwa mazima.

Akamwita Nyapara, aliyekuwa uani akisubiri matokeo na wenzake. "Hivi Katibu alishika mashine lini?"

"Kila siku alikuwepo, mzee."

"Sijakuuliza kuwepo."

Nyapara akajikuna shingo. Akatazama dari, akatazama mashine, akajikuna tena. "Mzee, sisi tulikuwa tunamheshimu. Chipu za chuma za moto zinaruka, mafuta yanachafua, tukasema dada yetu tusimtese. Kwani kuna tatizo?"

"Yeye mwenyewe hakuwahi kuomba?"

"Mara moja hivi. Mwaka wa pili. Alisema leo zamu yangu. Tukamwambia, sasa ripoti ataandika nani, sisi tunaoandika kama kuku aliyeparua?" Akatabasamu, halafu tabasamu likamtoka lenyewe. "Lakini hayo maneno hayakuwa yetu, mzee. Tuliyasikia kwako."

Hapo ndipo kichwa kilipomwanga Mikroni. Maana alikumbuka. Siku ya kwanza kabisa, vijana wanne na binti mmoja mbele ya mashine, na aliyenyoosha mkono wa kwanza kuigusa hakuwa Nyapara. Alikuwa binti. Na Mikroni, kwa upendo wote, akatoa kalamu sikioni kwake, akamwekea mkononi ule ule ulionyooshwa. Wewe una mwandiko mzuri, binti yangu, hawa wengine wanaandika kama kuku aliyeparua. Wote walicheka. Na binti alicheka. Kalamu ile haikumtoka binti mkononi tena, na chini ya kila ukurasa kulikuwa na saini yake yeye Mikroni, mamia ya saini, hakuna iliyokosea mstari.

Miaka ishirini na sita anatafuta makosa ya nusu unywele kwenye kazi za watu, na hili lilikuwa limelala kwenye daftari lake mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Alirudi kwa Mama Mratibu, akamwekea madaftari matatu mezani, akamwonyesha. Mama akasoma. Akabadilisha viatu, sijui kwa nini, akavaa vile vya visigino virefu.

"Safu hii anajaza nani?" akauliza mwishowe.

"Kundi. Mimi naweka saini."

"Na chini ya kila ukurasa naona mistari mitupu. Miwili, mitatu." Aliongea taratibu, kama anayejaribu kina cha maji kwa mguu. "Fundi, sikwambii ufanye jambo baya. Nakuuliza tu. Mtoto anastahili au hastahili?"

"Anastahili."

"Basi mistari ni ya kalamu tu." Kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Hata mimi sielewi ninasema nini. Miaka sita napigana wasichana wasiachwe nje ya karakana. Huyu hakuachwa nje. Alikuwa ndani, kila siku, mnampenda, mnampigia makofi, nimemtundika ukutani. Sasa hii nayo tunaiitaje? Na yule binti wa jamii ya kule mbali, aliyeacha chuo mwaka jana, unamkumbuka? Aliyekuwa akiona haya kwa lafudhi yake? Tulimwambia asihangaike, kila wasilisho tukampa mtu wa kumsemea. Niliandika kwenye taarifa kwamba amesaidiwa kikamilifu."

Mikroni akamkumbuka. Aliwahi kumwambia kwa upole, wewe pumzika, wenzako watakusemea. Akatoka pale hajui ashike lipi aache lipi, na madaftari kwapani.

Jumamosi mchana alikuwa nyumbani. Mkewe ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndicho duka lake, na shati jeupe alilomshonea kwa ajili ya sherehe ya cheti lilikuwa limetundikwa dirishani. Lilikuwa limebaki kifungo kimoja.

"Baba, njoo nikupime," mkewe akasema. Mikroni akaketi. Akamhadithia yote, kuanzia mkono hadi mistari mitupu. Mkewe akasikiliza huku anakata kitambaa, mkasi haukusimama hata mara moja. Alipomaliza, mkewe akatungua shati, akamtupia mapajani pamoja na sindano, uzi na kifungo.

"Shona."

"Nini?"

"Kifungo. Wewe si fundi? Vidole vyako si ndivyo vinavyopima unywele?"

Mikroni akacheka. Akachukua uzi. Tundu la sindano likamkimbia mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Akalamba uzi, akaufinyanga, akaukazia macho. Ulipoingia alikuwa na jasho. Akaanza kushona, uzi ukajifunga chini, kifungo kikakaa upande, sindano ikamchoma dole gumba, tone la damu likaangukia kwenye shati la sherehe. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hakuwahi kushona kifungo. Akainua kichwa kutafuta huruma. Mkewe alikuwa amekalia mikono yake. Kiti kizima kilikuwa kinamtetemeka kwa hamu ya kumnyang'anya ile sindano.

"Unaona nilivyo?" mkewe akasema. "Mikono inaniwasha hadi kwenye kiwiko. Wanafunzi wangu wa cherehani nawakalia mikono hivi hivi. Wakiharibu kitambaa, kimeharibika. Lakini wewe nilikupenda, kila kifungo nikakushonea, sasa tazama shati lako." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Nikifa leo utatembea kifua wazi, mume wangu."

Shati lilibaki vile, na kifungo chake cha upande. Mikroni hakuliondoa akilini siku nzima ya Jumapili.

Jumatatu saa nne akamkuta Katibu kwenye benchi la nje ya maktaba, anaandika rufaa. Hata rufaa ilikuwa na mwandiko wa kutundikwa ukutani. Mikroni akaketi mwisho wa benchi, akaweka daftari katikati yao.

"Nimeangalia safu ile, binti yangu. Humo."

"Najua," Katibu akasema. "Mimi ndiye niliyeandika."

"Mbona hukuniambia?"

Binti akafunga kalamu. "Ningekuambia nini, mzee? Kwamba mnanipenda sana? Mwanzoni nilitaka ile mashine mpaka nikawa naiota. Halafu nikaanza kuiogopa. Nikasema, ngoja wiki ijayo. Nikivunja kisu cha kukatia mbele ya wale kaka, watasema nini? Kalamu haivunjiki. Wote mnanisifia. Ikawa raha, mzee, nisikudanganye, ikawa raha. Sasa nikikaa hapa natafuta wa kumkasirikia simpati. Nyapara alikuwa ananibebea begi. Mama Mratibu amenitundika ukutani. Wewe ulikuwa unaniita binti yangu. Nimkasirikie nani?"

Mikroni alitaka kusema, mimi. Badala yake akasema lile alilotumwa na shetani wake, maana binadamu ni binadamu. "Kuna mistari mitupu chini ya kurasa. Mwandiko ni wako. Saini ni yangu. Saa thelathini ni kazi ya adhuhuri moja."

Katibu akafungua daftari. Akaitazama ile mistari mitupu kwa muda. Mikroni alimwona akimeza mate, na alijua anakiona kile kiwanda cha pampu, anamwona mama yake aliyekwisha kuwaambia majirani wote. Kalamu ikafunguka.

"Halafu kesho yake nitasimama tena mbele ya mashine," binti akasema. "Na mkono wako utatoka tena mfukoni." Akafunga kalamu. "Umenivika kilemba cha ukoka miaka mitatu, mzee. Cha mwisho usinivike."

Alisema bila ukali, na Mikroni aliumia kuliko angezabwa kofi. Machozi yalimtoka pale pale kwenye benchi, watu wanapita. Kisha akaomba karatasi. Akaandika barua kwa mkuu wa kitivo kwa mwandiko wake mbaya, binti akiwa pembeni haongezi hata nukta. Mwanafunzi mwenye namba hii, akaandika, ana saa sifuri. Kosa si lake peke yake. Kalamu nilimpa mimi, na kila ukurasa nimetia saini bila kuuliza. Naomba apewe mashine kwanza, ndipo apewe mtihani.

Kamati ilikaa siku mbili. Mkuu wa kitivo aliisoma barua, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna maelezo zaidi. "Fundi, hapa unajishtaki au unatoa ushahidi?"

"Mheshimiwa, hata mimi sijui," Mikroni akasema, na huo ndio uliokuwa ukweli.

Mtu mmoja akauliza mbona binti mwenyewe hakulalamika. Mwingine akauliza atalalamikaje mtu anayesifiwa. Wakabishana, wakachanganyikiwa wote, hadi Mama Mratibu akasimama akaomba wayaangalie na madaftari ya mabinti wengine watano wa mwaka ule. Yakaletwa. Mmoja alikuwa na saa arobaini, huyo kundi lake lilikuwa la watoro. Wa pili nne. Wa tatu sifuri. Hapo ukumbi ukapoa. Katibu akapewa wiki tatu za kutimiza saa thelathini, shahidi akiwa fundi wa karakana ya mbao, halafu marudio kwa mtahini yule yule. Na wale wengine wapangiwe zamu. Cheti cha Mikroni kikaahirishwa hadi itakapoamuliwa vinginevyo, na picha ya koridoni ikashushwa, ukutani pakabaki mraba mweupe.

Hizo wiki tatu zilikuwa mateso, na sisemi ya binti. Katibu alivunja visu vya kukatia vinne. Alikata shafti ikatoka kama karoti. Alitukana, matusi ambayo Mikroni hakujua kwamba anayajua. Na Mikroni alikaa kwenye kigoda nyuma ya mstari wa njano, amekalia mikono, viganja vinakufa ganzi. Alipoulizwa swali alijibu kwa mdomo. Akiona kosa linakuja, anatazama dirishani. Mara mbili alitoka nje akazunguka jengo. Nyapara alikuja siku moja kuomba radhi, akasimama, hakuelewa aombe radhi ya nini hasa, akachukua ufagio akafagia chipu, akaondoka. Siku ya kumi chuma kilitoka chembamba mno, siku ya kumi na mbili kikatoka nusu unywele pungufu, na binti akakiweka mfukoni hakukionyesha mtu.

Siku ya marudio mtahini akaja na miwani yake ya uzi. Akaita namba. Katibu akaja, akabana chuma, akakaza taya zinazokishika kwa ufunguo wake, akasogeza wenzo wa mwendo bila kutafuta. Akainama kusawazisha kisu. Na ufunguo ukabaki umechomekwa kwenye taya.

Mikroni akauona. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi karakana anajua maana yake: ukiiwasha mashine hivyo, ufunguo unaruka, na usiombe kuwa mbele yake. Hii ilikuwa hatari ya kweli, sheria inamruhusu. Pembeni yake ukutani palikuwa na kitufe chekundu cha kuzimia mashine zote. Akikibonyeza, binti amefeli, mwaka umekwenda, kiwanda kimekwenda. Asipokibonyeza. Akachomoa mkono mmoja kutoka chini ya paja, akauweka juu ya kitufe. Akasema moyoni, kidole chake kikigusa cha kuwashia tu, nabonyeza, liwalo na liwe. Mtahini naye alikuwa ameuona ule ufunguo. Alikuwa anamtazama Mikroni, si binti.

Katibu akanyoosha mkono kuwasha. Mkono ukafika nusu ya njia ukasimama. Akageuza kichwa, akatazama taya, akasema kwa sauti ndogo, "Mpumbavu mimi," akachomoa ufunguo, akauweka kwenye trei. Mashine ikaanza kulia. Mikroni akarudisha mkono chini ya paja.

Shafti haikuwa nzuri. Sitakudanganya, ilikuwa na mikwaruzo upande mmoja. Mtahini akaipima mara tatu kwa mikromita, akaandika, akaipima tena. "Imo kipimoni," akasema. "Kwa shida, lakini imo." Akatia saini. Akaenda kunawa mikono.

Wakabaki wawili na mashine iliyokuwa ikipoa. Katibu alikuwa na mafuta hadi kwenye nyusi, ameshika kile chuma kwa mikono yote miwili. Kisha, kwa mazoea, akakaa mezani, akafungua daftari kubwa, akachukua kalamu.

"Lete hapa," Mikroni akasema. "Leo naandika mimi."

Binti akamwachia. Mikroni akaketi, akavaa miwani. Tarehe akaandika. Kazi, shafti. Vipimo, akaandika, vile vya kweli, na mikwaruzo akaitaja. Akafika kwenye safu ya aliyeshika mashine, akaandika herufi ya kwanza ya lile jina la Katibu, akasita. Akaikata. Hapana, si hilo. Kalamu ikabaki juu ya karatasi. Akatafuta kichwani. Namba anayo, aliiandika kwenye barua. Sauti yake anaijua, kicheko anakijua, siku aliyougua malaria anaikumbuka. Akatafuta tena. Joto likampanda kutoka miguuni hadi masikioni.

"Binti yangu," akasema, na hakuweza kuinua uso. "Jina lako nani?"

Nje mtu alikuwa anaburuta kiti.

Akamtajia. Majina yote matatu, taratibu, kama mtu anayemsomea vipimo mtu mwingine. Mikroni akayaandika. Mkono wake ulikuwa na ganzi ya kukaliwa, herufi zikapanda mlima, zikashuka, jina la pili likatoka nje ya safu. Binti akainama mezani kuangalia. Mkono wake ukatoka kuichukua kalamu amnyooshee mstari. Ukasimama hewani. Kisha akauingiza mfukoni, akasubiri amalize.